Anayetaka Dari Aibebe Nyumba Nzima

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zina ghorofa moja isiyoingia katika hesabu ya mtu yeyote. Ukishavipita vyumba vya wapangaji, ukapanda ile ngazi ya mwisho ya mbao, nyembamba na yenye giza, unatokea chini ya mabati. Utakuta sakafu nene ya chokaa, kinyesi cha njiwa, tangi lililopasuka, samadari iliyovunjika mguu, na kwenye upenyo wa ukingo, bahari yote mpaka kisiwa cha Changuu. Hapo ndipo yalipo macho ya wawekezaji siku hizi. Madalali wanawapigia simu wenye nyumba, wanauliza juu kukoje, kuna urefu gani, bahari inaonekana au haionekani.

Makala haya ni kwa ajili ya mwenye nyumba, mrithi au mnunuzi anayefikiria kuigeuza nafasi hiyo kuwa makazi ya kifahari. Siipingi kazi hiyo. Naamini kwamba dari iliyojengwa vizuri inaweza kuiokoa nyumba ambayo kodi za vyumba vya chini haziwezi kuitengeneza. Lakini nina sharti moja, na ushauri wangu wote unatokana nalo: anayechukua dari achukue na mzigo wa nyumba nzima, kuanzia mifereji ya paa hadi msingi. Asiyekuwa tayari kwa hilo atafute kiwanja kwingine ajenge anachotaka.

Nafasi yenyewe ilitokana na mvua. Nyumba za mawe za mwambao, kuanzia Lamu hadi Unguja, zilijengwa kwa mapaa bapa. Boriti za mikoko zilipangwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake yakalazwa mawe madogo ya matumbawe, kisha ikamwagwa chokaa na kutwangwa siku kadhaa mpaka ikashikana. Juu ya paa hilo watu walianika, walipunga upepo, usiku wa joto walilala. Lakini Unguja hupata mvua ya karibu milimita 1,600 kwa mwaka, na paa bapa lisilopakwa chokaa kila baada ya msimu huanza kuvuja. Mabati yalipoenea, karne ya 19 ikielekea mwisho, wenye nyumba waliezeka juu ya paa la zamani bila kulibomoa. Lamu wengi waliezeka makuti. Kati ya paa la kale na paa jipya pakabaki uwazi, na uwazi huo ndio dari inayouzwa leo.

Historia hiyo ina maana kubwa kwa fundi. Sakafu unayokanyaga huko juu ilijengwa iwe paa, ikinge mvua na jua na kubeba watu wachache wakati wa jioni. Haikujengwa kubeba jiko, kabati za nguo, bafu mbili na sebule ya wageni 12. Kila uamuzi utakaoufanya baadaye, kuanzia aina ya vigae mpaka mahali pa kuweka tangi, unarudi kwenye jambo hilo.

Kabla ya fundi, hata hivyo, kuna swali la dari ni ya nani. Katika Mji Mkongwe nyumba inaweza kuwa ya mtu binafsi, ya Serikali tangu Mapinduzi ya 1964, ya wakfu, au ya urithi ambao haujagawanywa tangu alipofariki babu. Aina hii ya mwisho ndiyo inayoleta mashauri mengi. Ndugu mmoja aliyebaki mjini huiuza dari kwa sababu ndiye mwenye ufunguo, kumbe warithi wengine wako Muscat, Dubai, Mombasa na London, na kila mmoja ana fungu lake katika kila jiwe. Usilipe hata arubuni kabla hujaona hati ya mirathi na saini za warithi wote au mawakili wao. Kumbuka pia kwamba katika sheria ya Kiislamu mshirika ana haki ya shufaa: fungu la mwenzake likiuzwa kwa mtu wa nje, yeye ana haki ya kulitwaa kwa bei ile ile. Mnunuzi aliyekwisha kumwaga pesa kwenye paa hatafurahi kulijua hilo mbele ya kadhi.

Kama nyumba ni ya wakfu, dari nayo ni ya wakfu. Huwezi kuuziwa. Unachoweza kupata ni mkataba wa kupanga kutoka Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na usome vizuri kipengele kinachosema gharama za ujenzi zitafidiwa vipi muda ukiisha. Mgeni asiye Mtanzania aelewe kwamba hamiliki ardhi. Anachopata ni haki ya kukodi kwa muda. Kuhusu kuitenga dari iwe makazi yenye hati yake, Zanzibar ina Sheria ya Kondominiamu ya mwaka 2010, Tanzania Bara ina sheria yake ya umiliki wa sehemu za jengo ya mwaka 2008, na Kenya ilipitisha nyingine mwaka 2020. Mwanasheria wako akuoneshe ni ipi inayokuhusu na kama nyumba yako inakidhi masharti yake.

Hati pekee haitoshi. Mafakihi walijadili tangu kale haki za mwenye chini na mwenye juu: wa chini asizidhoofishe kuta zinazomshika wa juu, na wa juu asimtwishe wa chini asichoweza kukihimili. Hekima hiyo iandike kwenye mkataba kwa maneno ya leo. Nani analipia mabati yakioza? Nani anazibua mifereji kabla ya masika? Bomba la choo cha juu likipasuka na kuharibu dari ya chumba cha chini, analipa nani, na ndani ya siku ngapi? Ngazi ni ya nani? Ukingo wa nje ukimomonyoka? Jibu ninalolipendekeza ni kuanzisha mfuko mmoja wa matengenezo, na mwenye dari achangie fungu kubwa kuliko wote. Yeye ndiye mwenye makazi ya bei ya juu kuliko yote, na ndiye anayenufaika zaidi nyumba ikisimama imara.

Sasa twende kwenye ukaguzi, nao uanzie chini. Mteja hukimbilia juu kutazama bahari, na mkaguzi mzuri humrudisha mpaka sebule ya chini. Tazama kuta: je, zimetoka tumbo? Kuna nyufa zinazopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha? Plasta inadondoka kwa unyevu unaopanda kutoka ardhini? Kuta hizi zina unene wa nusu mita au zaidi, na kwa sababu hiyo watu hudhani hazina ukomo. Ndani yake ni mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu. Zikiwa kavu hubeba kwa miaka mia mbili. Zikilowana, udongo hulainika, chokaa huoshwa, na ukuta unaanza kujitenganisha tabaka la nje na la ndani. Asubuhi moja mtaa mzima unasikia kishindo.

Hakuna Mzanzibari anayehitaji kukumbushwa kishindo cha aina hiyo. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wa mbele wa Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, uliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili walikufa. Kama jumba kama lile linaweza kuanguka mafundi wakiwa ndani, basi mwenye nyumba ya kawaida hana haki ya kumwambia mhandisi kwamba ukaguzi ni kupoteza pesa.

Baada ya kuta, kagua boriti. Hizi ndizo zinazobeba sakafu, na urefu wake ndio uliopima upana wa vyumba vya mwambao: chumba ni chembamba, mara nyingi chini ya mita 3, kwa sababu boriti nzuri ya mkoko haivuki zaidi ya hapo. Katikati ya chumba boriti huonekana nzima, imepakwa rangi, inapendeza. Ugonjwa wake uko kwenye ncha, pale inapoingia ukutani, maana huko ndiko maji yanakofika na ndiko mchwa wanakoanzia. Chukua nyundo ndogo ugonge, kisha chukua bisibisi uichome ncha ya boriti karibu na ukuta. Ikizama kama kwenye keki, boriti hiyo imekufa hata kama katikati inang'aa. Fanya hivyo kwa kila boriti ya sakafu ya dari na ya ghorofa iliyo chini yake, uweke alama ya chaki. Boriti mbovu haing'olewi ovyo. Hupachikwa mwenzake wa mbao ngumu kando yake, akaingizwa ukutani na kuachiwa uwazi kidogo wa kupumua, na ncha zake zipakwe dawa ya mchwa kabla hazijaingia.

Halafu njoo kwenye uzito. Wauza ndoto hawapendi hesabu hizi. Zege la unene wa sentimita 10 lina uzito wa kilo 240 kwa kila mita ya mraba. Marumaru ya sentimita 2 ni zaidi ya kilo 50, na hapo hujahesabu saruji ya kuilazia. Tangi la lita 2,000 likijaa ni tani 2 zilizokaa mahali pamoja. Beseni la kuogea watu wawili, likiwa na maji na waogaji, linafika nusu tani. Vitu hivi vyote huonekana kwenye picha za matangazo ya makazi ya kifahari, na kila kimoja kinaitaka nyumba ya miaka 150 ibebe kitu ambacho mjenzi wake hakukijua.

Ushauri wangu ni huu: kabla hujaongeza kilo moja, punguza. Kwa vizazi vingi, paa bapa lilipovuja, fundi alimwaga tabaka jingine juu ya lile la zamani, kwanza chokaa, baadaye saruji. Katika nyumba nyingi matabaka hayo yameshakuwa mzigo mtupu, kwa sababu sasa kuna mabati yanayokinga mvua. Ukiondoa sentimita 5 tu za tabaka lililokufa, umeipunguzia sakafu kilo 80 au zaidi kwa kila mita ya mraba. Kwa dari ya mita 60 za mraba hizo ni karibu tani 5. Huo ndio mtaji wako halali wa uzito, na samani zako zote zitoke humo. Kazi ifanywe kwa patasi na nyundo ndogo, kwa vipande, mhandisi akiwepo. Mashine ya kuvunjia zege isipande ngazi hizo kabisa, kwa sababu mtikisiko wake hushuka ukutani hadi chini.

Sakafu mpya iwe ya mbao. Pitisha maboriti mapya ya mbao au ya chuma chepesi juu ya sakafu ya kale bila kuigusa, yakae kwenye kuta nene za kubeba, na uzito ugawanywe kwenye vibao virefu vilivyolazwa juu ya ukuta. Uwazi unaobaki kati ya sakafu mbili utapitisha mabomba na nyaya, na utazuia kishindo cha miguu kisimsumbue anayelala chini. Ukija kuuondoa ujenzi huo baada ya miaka 50, nyumba ya kale itakuwa pale pale ilipokuwa. Najua kuna mafundi watakaokwambia mwaga zege, funga nondo, umemaliza. Wakatalie. Licha ya uzito, zege ni gumu na matumbawe ni laini. Nyumba inapojinyoosha na kujikunja kwa joto na unyevu, kigumu hukisaga kilaini. Na nondo karibu na bahari hushika kutu, huvimba, hupasua zege lenyewe. Zipo nyumba ambazo zege la miaka ya 1980 limeshachakaa wakati chokaa ya zamani zaidi bado inashikilia.

Kwenye kuta nako, tumia chokaa iliyozimwa vizuri, ikakaa shimoni wiki kadhaa mpaka ikalainika, ichanganywe na mchanga uliooshwa chumvi. Saruji juu ya ukuta wa matumbawe huufungia unyevu ndani, kisha unyevu hutafuta njia ya ncha za boriti. Ukimalizia kwa neru, yaani chokaa laini ya kumalizia, ukuta wa dari utakuwa na weupe ambao rangi ya kopo haiwezi kuuiga, na hilo litakupunguzia hata idadi ya taa.

Sasa suala la urefu, ambalo wanunuzi wengi hudanganyika nalo. Dalali hupima sakafu ukuta hadi ukuta, anakwambia mita 90 za mraba. Lakini paa lina mteremko, na mahali usipoweza kusimama si sebule. Ufaransa, ambako vyumba vya watumishi chini ya mapaa ya Paris vimegeuka makazi yanayogombewa, kuna sheria ya mwaka 1996 inayojulikana kama sheria ya Carrez: katika mauzo ya fleti haihesabiwi sehemu ambayo urefu wake kutoka sakafuni haufiki mita 1.80. Sisi hatuna sheria hiyo, lakini hakuna anayekuzuia kukitumia kipimo chake. Chukua nyumba yenye upana wa mita 9 na mabati yenye mteremko wa nyuzi 30. Kama mabati yanaanzia usawa wa sakafu, kilele ni mita 2.6, na ukanda unaofikia mita 1.80 hauzidi mita 2.8 katikati. Kama yanaanzia juu ya ukingo wa mita 1, kilele kinakuwa mita 3.6 na ukanda huo unapanuka mpaka zaidi ya mita 6. Mabati ni yale yale, bei ya dalali ni ile ile, lakini nafasi ya kuishi imeongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo jambo la kwanza kupima ni urefu wa ukingo.

Na kama ukingo ni mfupi, usifikirie kuinua paa. Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, na mstari wa mapaa unavyoonekana kutoka baharini ni sehemu ya kinachohifadhiwa. Unguja kibali kinatoka kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Lamu utashughulika na Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na kaunti. Nenda na michoro iliyopimwa, inayoonesha paa kabla na baada, na vipimo vya kila dirisha. Usiende na picha ya hoteli uliyoipenda mtandaoni. Omba kidogo, na uombe kwa uwazi: dirisha dogo la paa upande usioonekana kutoka barabarani hupata kibali kwa urahisi kuliko kibanda cha vioo kileleni. Anayejenga kwanza na kuomba baadaye huwaharibia wenzake wote, kwa sababu kila paa lililopandishwa kinyemela huwa hoja ya jirani kupandisha lake.

Nije kwenye jambo ambalo wasanifu kutoka nje hulisahau na ambalo sisi hatuna udhuru wa kulisahau. Nyumba za mwambao zilijengwa kwa sitara. Mlango hautazamani na mlango wa jirani, dirisha la juu lina mbao za kupitisha upepo bila kupitisha macho, na uwani ni mahali ambapo mwanamke wa nyumba anakaa bila buibui. Ukifungua kioo kikubwa darini ili uone machweo, huenda chini ya machweo hayo kuna uwani wa bibi mmoja anayechambua mchele, na binti zake wanaosukana. Umemnyang'anya bibi huyo uwani wake, wala hukumlipa kitu. Kabla ya kuamua dirisha likae wapi, simama pale litakapokuwa, saa za asubuhi na za alasiri, uangalie unaona nini. Kisha shuka, piga hodi kwa jirani, mweleze. Kuna ufumbuzi mwingi: ukingo wa chini wa dirisha upandishwe mpaka mita 1.60 ili upate mwanga na upepo bila kuona chini, mbao za mshazari zinazoelekeza jicho baharini, kiambaza cha mbao kilichotobolewa. Jirani aliyeshirikishwa mapema hatakwenda kulalamika Mamlaka, na mafundi wako wataweza hata kupitisha mbao zao barazani kwake.

Kiwanja cha katikati ya nyumba nacho kisifunikwe. Naona watu wakikiziba kwa mabati ya plastiki ili kupata mita chache za ziada. Kiwanja hicho ndicho pafu la nyumba. Hewa ya moto inapanda humo na kutoka juu, na hewa baridi inaingia kutoka vichochoroni. Ukikiziba, wapangaji wa chini wote watanunua mashine za ubaridi, na dari yako itakuwa mahali moto wao unapokusanyika.

Joto ndilo litakalokupa au kukunyima wapangaji. Chini ya mabati matupu saa nane mchana hapakaliki. Weka mabati yenye rangi nyeupe au ya fedha, chini yake acha uwazi wa hewa wa sentimita 10 au zaidi, wenye matundu kwenye upenu na kileleni ili hewa ya moto itoke yenyewe, halafu weka tabaka la kuzuia joto na dari ya mbao. Tabaka hilo hilo litapunguza kelele za mvua. Madirisha yapangwe kwa ajili ya pepo zetu mbili, kaskazi na kusi, yaani yawepo pande zote mbili zinazoelekeana. Darini upepo ni mwingi kuliko ghorofa yoyote ya chini. Usiutupe kwa kufunga vioo visivyofunguka na kuutegemea umeme.

Maji yana njia mbili za kukuangamiza, kutoka juu na kutoka ndani. Kutoka juu, hesabu ni nyepesi: mvua ya milimita 50 kwenye paa la mita 100 za mraba ni lita 5,000. Zote lazima zipite kwenye mifereji na mabomba ya nje, zisimwagike kwenye ukuta wa jirani. Mfereji uwe mpana, na ufikike na mtu wa kuuzibua bila kukanyaga mabati. Kutoka ndani, hatari ni bafu na choo. Viweke juu kabisa ya vyoo vya ghorofa za chini ili bomba lishuke moja kwa moja, na chini ya sakafu ya bafu weka sinia lisilopitisha maji lenye bomba lake la kutoa, ili uvujaji uonekane siku ile ile. Mabomba yasichimbiwe ukutani. Tangi kubwa likae chini na pampu, darini pawe na dogo tu, juu ya makutano ya kuta mbili.

Kisha paa lenyewe lifungwe. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliiharibu vibaya Unguja, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga Mafia, karibu yetu kabisa. Kenchi zifungwe ukutani kwa mikanda ya chuma isiyoshika kutu, na misumari yote iwe ya kuhimili hewa ya chumvi. Paa lifunguliwe kuanzia Juni, masika yakiisha. Anayefungua paa mwezi Machi anacheza na nyumba ya watu.

Moto unanitia hofu kuliko vyote. Gari la zimamoto halipiti katika vichochoro vingi vya Mji Mkongwe, wala Lamu. Ngazi ni moja, ya mbao, na dari iko mwisho wake. Hivyo basi jiko la gesi lisikae darini. Tumia la umeme, na waya wake utoke kwenye mita upya, usiungwe kwenye nyaya chakavu za ghorofa ya tatu. Weka ving'ora vya moshi ngazi nzima, si kwako tu. Kubaliana na jirani, kwa maandishi, juu ya mlango mdogo wa kutokea kwenye paa lake, nawe umpe wa kutokea kwako. Makuti, pamoja na uzuri wake wote, siyashauri juu ya makazi yenye jiko.

Kuhusu ufahari wenyewe, rai yangu ni kwamba wengi wanaununua vibaya. Mtu hapandi ngazi 60 ili aone marumaru ambayo angeiona uwanja wa ndege. Anafuata upepo, weupe wa chokaa, boriti zilizoachwa wazi, adhana zinazopishana, bahari. Mlango wa nakshi usiunyofoe kutoka nyumba nyingine uupandishe darini kuwa meza. Mpe kazi seremala wa hapa achonge mpya. Pesa itakayobaki ishushe chini. Kama mimi ndiye mwenye mradi, theluthi ya bajeti ningeitenga kwa vitu ambavyo mgeni wangu hataviona kamwe: ncha za boriti, kuta za chini, mifereji, nyaya za ngazi.

Na wapangaji waliomo wasifukuzwe ili dari ipate ngazi ya peke yake. Fundi wa saa, mshona nguo na mama mwenye vitumbua barazani ndio wanaoufanya mtaa uwe mtaa. Mkataba wa dari unaweza kuwalinda kwa kipengele kimoja: kodi ya juu ichangie matengenezo ya chini, na kodi ya chini isipandishwe kwa ajili ya matengenezo hayo.

Ewe mwenye nyumba unayesoma haya ukiwa na namba ya dalali kwenye simu, usimpigie bado. Mtafute kwanza mhandisi anayeijua chokaa, mpandishe darini, kisha mshushe mpaka chini, na ripoti yake uipeleke Mamlaka kabla hujamlipa fundi hata shilingi ya kwanza.